Wakola, Celina

Kwetu ukimkuta mtu analima, humpiti kimya. Unamwambia "Wakola," maana yake umefanya kazi, ahsante kwa kazi. Huangalii kama matuta yamenyooka au yamekwenda upogo. Hata kama jembe lake limeikata mizizi ya migomba, wewe unasema wakola na kushika njia yako, maana jasho la mtu halipitwi bila salamu. Ni neno la adabu na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na Mwalimu Privatus wa Buganguzi, aliyelitoa neno hili kwenye kibanja, kwenye migomba na mibuni yetu, akaenda kuliandika kwenye hesabu za mtoto wa watu.

Mtoto wa watu huyo ni Celina, binti Rwegasira. Ilikuwa miaka ile ya Mwingereza bei ya kahawa ilipopanda, malkia wao ametoka kuvikwa taji, sisi tumegawiwa vibendera, na kila mwenye kibanja anaota nyumba ya bati. Rwegasira naye alikuwa anaota bati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kahawa tu, hajui kusoma hata jina lake, na mikono ya binti mkubwa aliiona kuwa mali ya nyumbani. Celina alipoomba kwenda shule alikuwa ameshachelewa, ana kimo cha kubeba mtungi, na baba yake alikubali baada ya padri kumbana mbele ya watu.

Alikubali, lakini kwa sharti. Kila mwisho wa muhula, misa ikiisha, atamngoja Mwalimu nje ya kanisa amuulize: huyu anaweza au hawezi? Siku atakayoambiwa hawezi, siku hiyo hiyo Celina anarudi kupalilia. Miaka ilivyokwenda sharti likaongezeka uzito, kwa sababu watu wa Izimbya walianza kuulizia habari zake kwa ajili ya kijana wao Protase. Rwegasira aliwaambia wangoje. Binti akishinda mtihani wa mjini, aende zake. Akishindwa, walete pombe. Alilisema hilo mezani, mama yake Celina, Jovitha, akisikia, na Celina mwenyewe akisikia, na kwa Rwegasira neno likishatoka halirudi mdomoni.

Mtihani wa mjini ulikuwa wa unesi. Celina alikuwa ameutamani unesi tangu siku alipokuja nesi mmoja kutoka Bukoba, amepanda gari la serikali, kuchanja watu ndui. Nesi huyo alipanga mstari mmoja wa wazee na vijana. Rwegasira, ambaye hakuwahi kuambiwa "kaa pale" na mwanamke yeyote, hata mama yake alimwogopa, aliambiwa kaa pale, kunja mkono wa shati. Akakaa, akakunja. Celina aliona kwa macho yake. Alirudi nyumbani anacheka peke yake njiani, na tangu siku ile hakutaka kitu kingine duniani.

Shule ya kijiji iliishia Darasa la Sita. Wasichana wengine walikuja mpaka walipojua katekisimu na kuandika majina yao, kisha wakapungua mmoja mmoja, huyu ameolewa, huyu ana mdogo wake wa kubeba. Akabaki Celina peke yake katikati ya wavulana. Mwalimu Privatus alifurahi kuwa naye, hilo siwezi kumnyima. Mkaguzi alipokuja, Celina ndiye aliyesimamishwa kusoma, kwa sababu alisoma vizuri, na mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza kama wa masista. Mwalimu alikuwa mtu mpole wa sauti, ana kaptula iliyopigwa pasi na baiskeli iliyopanguswa, na watu walimpenda.

Wavulana hawakumpenda hata kidogo. Wao walimwita Wino Mwekundu. Alikuwa na kalamu nyekundu ya kukosolea, na ikishuka kwenye daftari la mvulana haikuwa na huruma. Anakata, anaandika "Rudia," na mvulana hendi kula ndizi za mchana mpaka arudie. Clavery, mtoto wa jirani yao Celina, alishinda njaa mara nyingi kuliko wote. Alikuwa mzito wa hesabu, na hesabu za sehemu ndizo zilizomtoa machozi, nusu na theluthi na robo, kipi kiko juu ya kipi. Mwalimu alimwita kichwa cha kokwa. Akamkalisha kwenye kizingiti cha darasa na kibao mapajani, wenzake wakicheza mpira, mpaka jibu litoke.

Daftari la Celina halikukatwa. Mwalimu alipolifikia alibadilisha kalamu, akachukua ya wino wa buluu, akaandika chini kwa mwandiko mzuri: "Wakola, Celina." Ukurasa baada ya ukurasa, wakola, wakola. Celina akafunga daftari lake akaenda kula.

Sasa msinielewe vibaya. Msichana hakuwa mvivu. Tena ningeomba awe mvivu, habari hii ingekuwa nyepesi kuisimulia. Alfajiri alichota maji, akafagia, akapeleka samadi kwenye migomba, ndipo akaenda shule. Jioni alipalilia mpaka giza linaingia. Karatasi hazikuwapo nyumbani, kwa hiyo alijizoeza kuandika kwa mwiba juu ya jani la mgomba, na jani likikauka maandishi yanabaki kama makovu. Jovitha alikuwa akiyakuta majani hayo jikoni yamejaa namba, akayafunikia chakula bila kujua ni kitu gani. Ndizi zikaiva chini ya hesabu za mwanawe. Na hesabu hizo, maskini, nyingi zilikuwa makosa matupu, ila nani angemwambia?

Clavery alijaribu, kwa ubaya wake. Siku moja wanatoka shule alimtania mbele ya wenzake: "Wewe husahihishwi, Celina. Wewe unasalimiwa." Wavulana wakacheka. Celina akamjibu kwamba wivu utamuua, na mtu anayepata wakola kila siku hawezi kuelewana na mtu anayelala kizingitini. Alimwonea hata huruma kidogo. Mwaka ule ule Clavery akafaulu kwenda shule ya kati, na kichwa chake hicho hicho cha kokwa.

Cheti cha kumaliza Darasa la Sita aliyekiandika ni Mwalimu mwenyewe, na maksi alizigawa mwenyewe. Celina alikuwa na miaka kumi na minane. Nje ya kanisa Rwegasira aliuliza swali lake kwa mara ya mwisho. Mwalimu akajibu, "Anaweza sana. Hakuna anayejitahidi kama huyu." Rwegasira akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa mchezo wa bao kwa haki, akasema basi aende Bukoba akajaribu.

Alikwenda juu ya lori la magunia ya kahawa, amevaa gauni la Jovitha la Pasaka, amefungiwa ndizi za kuchoma kwenye jani. Bukoba alilala kwa ndugu wa mama yake, na asubuhi akaripoti hospitali. Walikuwa wasichana kadha, wengine wa mjini wenye viatu. Walipewa imla, Celina akaandika bila wasiwasi. Wakapewa kusoma kwa sauti, akasoma, na wenye viatu wakageuka kumtazama. Zikaja hesabu. Aliziona, akatabasamu, kwa sababu zilikuwa zile zile za sehemu alizozifanya na Mwalimu, nusu na robo na theluthi. Alizimaliza kabla ya wengine. Alikaa mikono imekunjwa akiwahurumia waliokuwa bado wanauma kalamu.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Bi Sada, nesi mkuu wa wodi ya wazazi. Mwislamu wa mjini pale, baba yake alikuwa mtu wa Tanga aliyefuata biashara ya ngozi akaoa akabaki. Mama mnene, mtaratibu, na Kihaya chake kilikuwa cha sokoni tu. Alasiri aliwaita mmoja mmoja chumbani kwake kuwapa majibu. Celina alipoingia alisema shikamoo na kupiga magoti, Bi Sada akamwinua akamwambia hapa hatupigi magoti, hapa tunasimama tuonane. Moyo wa Celina ukaruka kwa furaha. Akajiona ameshaanza kazi.

Bi Sada alichukua glasi ya dawa yenye mistari, akamimina maji mpaka nusu. Akaongeza robo. Akaiweka mezani mbele ya Celina.

"Mgonjwa amepewa nusu asubuhi na robo jioni. Haya, hiyo ndiyo dawa yake," alisema. "Wewe umeandika mbili juu ya sita. Nionyeshe hapa mbili juu ya sita iko wapi."

Celina aliitazama glasi. Juu ya nusu kuna nambari moja, juu ya robo kuna moja, zinakuwa mbili. Chini kuna mbili na nne, zinakuwa sita. Ndivyo alivyofanya siku zote. Aliinyoosha mikono yake kwenye glasi kisha akairudisha. Bi Sada, bila ukali, alimwonyesha kwa kidole mstari ulio chini ya nusu, chini kabisa ya maji.

"Iko hapa, mwanangu. Umeongeza, dawa ikapungua. Na hesabu zote umezifanya hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri sana. Nani amekufundisha hivi?"

Celina alijibu kwa haraka, kumtetea mtu wake. Alisema Mwalimu wake ni mwalimu mzuri, na hesabu hizi alizifanya mbele ya macho yake, na hakuzikata hata moja, zote aliandika wakola. Bi Sada akakunja uso. Neno hilo alilijua. Alisema sokoni huambiwa hivyo na wauza ndizi akishalipa, je, shuleni lina maana gani? Ndiyo kusema sahihi?

Hapo ndipo Celina alipofungua mdomo kulitafsiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kulitafsiri neno lile, maana nani anatafsiri salamu? Kwa Kihaya lilikuwa tamu, lilikuwa na uso wa Mwalimu ndani yake na wino wa buluu. Sasa alitakiwa kulisema kwa Kiswahili, mbele ya mtu anayesubiri.

"Ni..." alisema. "Ni kama umefanya kazi. Kama... ahsante."

Akajisikia mwenyewe. Ahsante. Si sahihi, si umefaulu, si umepata. Ahsante kwa kazi, kama unavyomwambia mtu yeyote mwenye jembe, halafu unapita. Sauti ya Clavery ikamrudia, wewe unasalimiwa, na kile kicheko cha wavulana.

Aliomba. Siwezi kulificha hilo. Alisema amejitahidi sana, alisoma usiku na mchana, aliandika kwenye majani. Bi Sada alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia anaona, jitihada iko wazi kila mahali kwenye karatasi ile, na kama jitihada ingekuwa na maksi angempa yeye zote. Kisha akaishika ile glasi.

"Lakini mama aliyelala kule wodini hanywi jitihada yako," alisema. "Anakunywa kilichomo humu. Nikikuhurumia wewe leo, yeye nani atamhurumia?"

Akamwambia ajifunze sehemu upya, arudi mwakani, na nafasi atamwekea kama Mungu akipenda. Alisema kwa moyo mweupe. Hakujua habari za Izimbya, naye Celina aliona aibu kumwambia mgeni kwamba kwake mwakani haipo.

Nyumbani Rwegasira hakumgombeza, na hilo lilimchoma zaidi. Alimwambia si neno, umejitahidi, mwana wange, mwanadamu hujaribu. Jovitha akasema umejitahidi. Majirani waliokuja kumpa pole kana kwamba amefiwa walisema umejitahidi, umejitahidi. Celina alitaka kuwatupia sufuria. Usiku ule ule Rwegasira alituma ujumbe Izimbya, na jibu likarudi mapema kuliko ilivyo adabu, kwamba Jumapili watakuja na lubisi, pombe yao ya ndizi, kumtaka binti rasmi. Celina aliomba aachwe mwaka mmoja tu. Baba yake alimkumbusha sharti. Alikuwa amelitimiza upande wake, akasema, kwa hiyo binti naye amtimizie.

Jumamosi alasiri Celina alikwenda kwa Mwalimu. Msidhani alikwenda kugomba. Njia nzima alikuwa anamtetea. Alijiambia pengine Mwalimu mwenyewe hazijui sehemu. Pengine alisomea chuo cha zamani, akafundishwa vibaya, naye akafundisha alivyofundishwa. Wavulana aliwakosoa, ndiyo, lakini pengine aliwakosoa mwandiko. Mtu akimpenda mtu humtafutia udhuru hata chini ya mawe. Alikuwa ameshapanga kumsamehe, na hata kumweleza habari ya glasi taratibu, ili asione aibu.

Alipofika kwenye ua alisikia mtoto analia. Alikuwa Immakulata, binti wa kwanza wa Mwalimu, mwenye umri wa miaka kumi hivi, amekaa mkekani nje ya nyumba na kibao mapajani. Mwalimu amesimama juu yake. Celina akasimama nyuma ya ua, akingoja wamalize.

"Mbili juu ya sita," mtoto alisema kwa kwikwi.

"Futa," Mwalimu alisema.

Mtoto akafuta kwa kiganja. Mwalimu akamuuliza, ukiwa na nusu ya mkungu wa ndizi, nikakuletea na robo, umebaki na kidogo kuliko ulichokuwa nacho? Robo imekwenda wapi, umeila? Anza upya. Mtoto akaandika, akakosea, Mwalimu akasema futa. Kutoka jikoni mkewe akamwambia amwache mtoto ale kwanza, tangu mchana amejitahidi vya kutosha.

"Kujitahidi si jibu," Mwalimu akamjibu. "Atakula akipata. Huyu nataka awe mtu."

Celina aliyasikia maneno hayo kila moja. Alijua. Mwalimu alijua siku zote, alijua vizuri kuliko Bi Sada, na alijua hata namna ya kulifundisha kwa mkungu wa ndizi mpaka mjinga aelewe. Udhuru wote alioubeba njia nzima ulimwanguka miguuni pale nyuma ya ua.

Akaingia. Mwalimu alimwona akafurahi kwa kweli, akaagiza aletewe mkeka. Celina alipiga magoti kumsalimu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Mwalimu alimpa pole ya mtihani. Alisema watu wa mjini wana magumu yao, na kwamba yeye kama mwalimu wake anajua jinsi alivyo...

"Jibu la Immakulata ndilo jibu langu," Celina alimkata kauli. Hakuwahi kumkata kauli mtu mzima. "Mimi niliandika hivyo hivyo miaka miwili. Ulijua si sahihi?"

Mwalimu alitazama mkeka. Alisema alijua. Kisha akaanza kueleza, na maelezo yake, niseme haki, hayakuwa ya uongo. Alimkumbusha sharti la baba yake. Alisema kila muhula Rwegasira alimngoja nje ya kanisa kama mwindaji, na kama angeanza kumwandikia Celina makosa, neno lingefika nyumbani, na Celina angetolewa shule Darasa la Tatu. Alimlinda. Alimnunulia miaka kwa wino ule wa buluu. Alisema hayo akiinua macho, kwa sababu hapo alijiona yuko mahali imara.

Celina karibu akubali. Alitaka kukubali, Mungu anajua, ingekuwa rahisi. Lakini neno moja halikumkalia sawa.

"Baba hajui kusoma, Mwalimu," alisema taratibu. "Ungenikata mimi daftarini kama Clavery, ukanifungia mchana kama Clavery, na baba ukamwambia chochote unachotaka. Angejuaje?"

Immakulata alikuwa ameacha kulia, chaki yake inakwaruza kibao. Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, naye anangoja jibu kama mgeni wake.

"Nilidhani utaolewa tu, mwanangu," Mwalimu alisema. Na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. "Nilisema, kwa nini nimtese mtoto wa watu kwa hesabu ambazo hatazitumia? Mvulana lazima umkamue. Wewe nilitaka ufurahi kwa muda uliokuwapo."

Hapo Celina alielewa kila kitu, na kuelewa kulimuuma kuliko kushindwa. Wavulana aliwakata kwa sababu aliwatazamia kitu. Mwanawe anamlaza njaa kwa sababu anataka awe mtu. Yeye, aliyebeba samadi alfajiri na kuandika kwa mwiba, hakumtazamia kitu chochote, tangu siku ya kwanza, na alimficha hilo kwa neno zuri. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amempenda mtu huyu kuliko baba yake, kwa sababu baba yake alimwambia wazi kwamba hamwamini.

Mwalimu, kuona hanung'uniki, akadhani yamekwisha. Akasema mambo yote hupangwa na Mungu, Protase ni kijana wa watu wazuri, na kesho atakuja mapema akae na Rwegasira kuwapokea wageni, kama alivyoalikwa.

Celina alisimama.

"Kesho usije, Mwalimu," alisema.

Akatoka bila kuaga. Mke wa Mwalimu alimwita, hakugeuka.

Jumapili watu wa Izimbya walikuja na lubisi yao, wengi, wamevaa kanzu safi, na nyumba ikajaa vicheko. Kiti cha Mwalimu kilikuwa kimewekwa karibu na Rwegasira, na kilibaki kitupu. Rwegasira aliuliza, akatuma mtu barabarani kutazama, akauliza tena. Mwishowe, pombe imeshamwingia kidogo, aliwageukia wakwe zake akawaambia inamuuma, kwa sababu walipaswa kumwona mtu huyo. Ndiye aliyemlea binti huyu mnayemtaka, alisema. Miaka yote hakumpiga, hakumfokea, hakumlaza njaa hata siku moja. "Alimpenda huyu kama mwanawe wa kumzaa," Rwegasira alisema, na wageni wakaitikia kwamba walimu wa namna hiyo ni wachache.

Celina alikuwa anapita na kibuyu. Alimmiminia baba yake, akammiminia na baba yake Protase bila kumwaga tone, akaweka kibuyu chini. Akaenda nyuma ya nyumba, akakaa kati ya migomba akalia kwa sauti, mpaka Jovitha alipokuja kumwambia anawe uso, wageni wanamtaka.